Emily Dickinson Alitawa, Hakutawishwa

Kiswahili kina neno ambalo hunijia kila ninapofungua mashairi ya Emily Dickinson: kutawa. Anayetawa hukaa ndani kwa hiari yake, hatoki ovyo, haonwi na kila apitaye njia. Linyambue kidogo neno hilo uone linavyogeuka: kutawishwa. Hapo aliye ndani hatendi tena, ametendewa. Kuna mtu aliyemweka. Nyumba ni ile ile na mlango ni ule ule, lakini ufunguo umehama mkono.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Dickinson amesimuliwa kana kwamba alitawishwa: na mapenzi yaliyovunjika, na baba mkali, na maradhi, na woga. Mimi nasema alitawa. Tofauti hiyo inavuka kamusi, kwa sababu asiyeitambua atayasoma vibaya mashairi yake yanayokaribia 1,800. Atayasikia kama kilio cha mfungwa, na hatagundua kwamba yuko ndani ya karakana ya fundi aliyejichagulia mahali pa kufanyia kazi.

Alizaliwa Amherst, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, tarehe 10 Desemba 1830, na akafia katika nyumba ile ile aliyozaliwa, tarehe 15 Mei 1886. Nyumba hiyo ya matofali ilijengwa na babu yake, Samuel Fowler Dickinson, mmoja wa waasisi wa Chuo cha Amherst. Baba yake, Edward, alikuwa wakili na mweka hazina wa chuo hicho, na kwa kipindi kimoja alikuwa mbunge huko Washington. Kaka yake Austin na mkewe Susan waliishi nyumba ya jirani. Mdogo wake, Lavinia, hakuolewa, naye Emily hakuolewa, wakazeeka pamoja chini ya paa la wazazi.

Ujanani hakuwa mtu wa kujificha. Alisoma shule, alikuwa na marafiki wengi, na mwaka 1855 alisafiri hadi Washington na Philadelphia. Kujitenga kulikuja polepole, kama maji yanavyopwa, hata huwezi kutaja saa pwani ilipobaki tupu. Baada ya mwaka 1865 hakutoka tena Amherst. Mwaka 1869 alimwandikia Thomas Wentworth Higginson, mwandishi aliyekuwa akimpelekea mashairi yake, kwamba havuki mpaka wa kiwanja cha baba yake kwenda nyumba wala mji wowote. Wageni wengine alizungumza nao akiwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo.

Watu wakisikia habari hizi huuliza: nani aliyemuumiza? Baada ya kifo chake zilipatikana rasimu tatu za barua kwa mtu anayemwita "Bwana" bila kumtaja jina, na tangu hapo msako haujaisha. Wengine humtaja mchungaji Charles Wadsworth. Wengine huleta jina la jaji Otis Lord, ambaye kweli alipendana naye miaka ya uzeeni. Juu ya hayo huongezwa gauni jeupe alilozoea kuvaa, na picha inakamilika: bibi harusi asiyeolewa, anayezunguka gizani akiandika beti za majonzi.

Sisemi hakupenda. Alipenda mno, na aliyempenda kuliko wengi ni huyo wifi yake Susan, ambaye peke yake alipelekewa mashairi zaidi ya 250. Lakini mtu anaweza kuvunjika moyo asiandike hata ubeti mmoja. Swali la aliyemuumiza hutufanya tuyapekue mashairi kama polisi anayepekua begi, tukitafuta jina, na huku tunayapita yale aliyotuwekea mezani. Hata hilo gauni jeupe, lile moja lililosalia, ni vazi la nyumbani la pamba, lisilo na makuu, na lina mfuko. Kila nikiitazama picha yake jicho langu huenda kwenye mfuko huo. Mwanamke anayeandika kwenye vipande vya bahasha na karatasi za kufungia vitu anahitaji mahali pa kuviweka.

Aliyemjua vizuri zaidi alilisema jambo hili mapema, na hatukumsikiliza. Emily alipofariki, Susan ndiye aliyeandika tanzia yake katika gazeti la Springfield Republican. Aliandika kwamba marehemu hakuwa amekatishwa tamaa na dunia, kwamba hakuwa mgonjwa isipokuwa miaka miwili ya mwisho, na kwamba utulivu wa nyumba yake ndio uliokuwa hewa iliyoifaa kazi yake. Hayo yaliandikwa Mei 1886, kabla diwani yoyote haijachapishwa, kabla hadithi ya bibi harusi haijapata wasimuliaji.

Kuna ushahidi wa aina mbili ambao mimi hupenda kuuweka pamoja. Wa kwanza ni wa Martha, binti wa Austin na Susan, aliyesimulia kwamba siku moja shangazi yake alimwingiza chumbani juu, akafunga mlango, akakutanisha kidole gumba na cha shahada kana kwamba anazungusha ufunguo, kisha akamwambia: huu hapa ndio uhuru. Wa pili ni barua. Mwaka 1864 Dickinson alikuwa na maradhi ya macho, akaenda kutibiwa Boston na kukaa miezi kadhaa na binamu zake katika mji wa jirani wa Cambridge. Alikuwa nje ya nyumba ya baba yake, mjini, karibu na watu wengi kuliko alivyokuwa kwa miaka. Na ni kutoka huko alikomwandikia Higginson kwamba daktari amemnyang'anya kalamu, na kwamba hata hivyo anafanya kazi ndani ya gereza lake na kujitengenezea wageni.

Neno gereza, basi, alilitumia kwa mahali palipokuwa mbali na chumba chake, na neno uhuru akaliweka nyuma ya mlango uliofungwa. Sijui tungehitaji ushahidi gani zaidi ya huo.

Mashairi nayo yanalisema waziwazi. Katika moja analalamika kwamba walimfungia ndani ya nathari, kama walivyomtia kabatini alipokuwa mtoto, kwa sababu walimpenda akiwa kimya. Hapo ndipo palipo kutawishwa kwake. Kinachomfunga ni nathari: maneno yaliyonyooka, adabu ya binti mwema, maisha ambayo kila mtu anajua yanakoelekea. Kisha soma shairi lingine, lile anakosema kwamba yeye anakaa ndani ya Uwezekano, nyumba nzuri kuliko Nathari, yenye madirisha mengi zaidi na milango iliyo bora. Mtu aliyefungiwa katika nyumba moja akahamia nyingine, na yote mawili yalitokea bila kuvuka kiwanja cha baba yake. Madirisha na milango katika shairi hilo si mapambo. Ni vitu alivyokuwa akivitazama kila siku, akavifanya fikra.

Chumba chake kilikuwa cha pembeni, ghorofani, na madirisha yake yalitazama barabara kuu upande mmoja na nyumba ya Austin na Susan upande mwingine. Meza aliyoandikia ni ndogo, upande wake haufiki nusu mita. Kutoka hapo alisoma gazeti kila siku, akaandika barua ambazo zaidi ya elfu moja zimesalia, akawapelekea watu maua na mikate na mashairi. Alikuwa mtunza bustani hodari, na tangu shuleni alikuwa amekusanya mimea zaidi ya 400, akaikausha na kuibandika katika kitabu kimoja, kila mmea na jina lake. Nyuki, nyasi, ndege, nyoka anayepita majanini akaacha mtetemo mfupani mwa anayemwona: yote haya yamo katika mashairi, na yamo kwa usahihi wa mtu aliyetazama mahali pamoja kwa miaka thelathini. Msafiri huona mengi kwa wepesi. Dickinson aliona machache hadi yakaacha kuwa machache.

Nije kwenye mauti, kwa maana hakuna anayeandika juu yake bila kufika hapo.

Alipokuwa na miaka tisa familia ilihamia nyumba nyingine katika mtaa wa North Pleasant, jirani na makaburi ya mji, na hawakurudi katika nyumba ya babu hadi mwaka 1855. Kwa hiyo tangu utotoni hadi alipokaribia miaka 25, maziko yalikuwa sehemu ya yale aliyoyaona dirishani. Mwaka 1844 alifariki rafiki na binamu yake, Sophia Holland, msichana wa rika lake, na huzuni ilimwelemea Emily kiasi kwamba wazazi walimpeleka kwa jamaa Boston apate kutulia. Kifua kikuu kilikuwa kikiwachukua vijana mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1862 alimwandikia Higginson kwamba tangu Septemba amekuwa na hofu kuu asiyoweza kumwambia mtu, kwa hiyo anaimba, kama mvulana anavyoimba akipita karibu na makaburi, kwa kuwa anaogopa. Mfano huo hakuutoa kitabuni.

Lakini angalia anavyoifanya hofu hiyo kazi. Katika shairi lake linalojulikana kuliko yote, mzungumzaji hakupata nafasi ya kusimama kumngoja Mauti, kwa hiyo Mauti kwa hisani yake akasimama kumngoja yeye. Wanapanda gari la farasi, wanapita shule watoto wakicheza, wanapita mashamba ya nafaka, wanalipita jua linalozama, mpaka wanatua mbele ya nyumba inayofanana na uvimbe wa ardhi. Kila nikijaribu kulitia shairi hili katika Kiswahili hukwama kwenye ngeli. Sisi tunasema mauti yamemfika, kama tunavyosema maji yamefurika. Hapa huwezi. Inabidi useme Mauti alisimama, Mauti alikuwa mpole, umpe ngeli ya watu, na ukishampa ngeli hiyo huwezi tena kumwogopa kwa namna ile ile. Ndicho alichokifanya Dickinson kwa Kiingereza chake. Alimwalika mgeni ambaye hakuna mlango unaomzuia, na akamkaribisha kwa adabu za sebuleni. Tena kaburi analiita nyumba. Mtu aliyelijua umbo la nyumba kwa ndani kuliko mshairi yeyote wa zama zake hakuwa na sababu ya kulitafutia kaburi sitiari ya mbali.

Shairi la inzi linakwenda mbali zaidi. Katika dini ya watu wa New England, yaani kaskazini mashariki mwa Marekani, wa siku zile, kitanda cha kufia kilikuwa kama mimbari. Ndugu walikizunguka wakisubiri ishara kwamba anayeondoka anaiona mbingu. Dickinson anawaweka wote pale, macho yao yamekauka kwa kulia, pumzi wamezishikilia wakimngoja Mfalme ajidhihirishe chumbani. Anayekuja ni inzi. Mlio wake wa kusitasita unapita kati ya mwanga na anayekufa, madirisha yanafifia, na shairi linakoma. Hakuna kejeli hapo, na wala hakuna ukanushaji. Kuna mtu aliyekaa vyumbani mwa wagonjwa, ambaye baadaye angemuuguza mama yake kwa miaka saba baada ya mama huyo kupigwa na kiharusi mwaka 1875, na anayekataa kusema ameona asichokiona.

Kukataa huko kulikuwa kumeanza zamani. Mwaka 1847 alikwenda seminari ya wasichana ya Mount Holyoke, ambako mwalimu mkuu, Mary Lyon, aliwaweka wanafunzi katika mafungu matatu: waliokwisha kumpokea Kristo, wenye tumaini, na wasio na tumaini. Emily alikuwa katika fungu la tatu na hakuhama. Mwaka uliofuata aliondoka, asirudi. Uamsho wa kidini ulipopita Amherst mwaka 1850, baba yake aliungama imani na marafiki zake wengi wakajiunga na kanisa. Yeye alibaki nje, maisha yake yote. Familia yangu wana dini isipokuwa mimi, alimwambia Higginson, na kila asubuhi wanakihutubia kivuli cha jua lililopatwa, wanachokiita Baba yao.

Hapo ndipo ninapoona kujitenga kwa kweli, kulikotangulia kule kwa mwili kwa miaka mingi. Katika mji ambao ungamo lilikuwa tiketi ya kuingia katika jamii ya watu wazima, binti wa familia maarufu alikaa kitako akasema bado. Mwili ulifuata baadaye tu. Shairi lake la Sabato linalisema hili kwa furaha: wengine huitunza kwa kwenda kanisani, yeye huitunza kwa kukaa nyumbani, ndege ndiye kwaya na bustani ya matunda ndiyo kuba. Mungu mwenyewe anahubiri, na mahubiri si marefu. Hivyo badala ya kufika mbinguni siku ya mwisho, anakwenda tangu sasa.

Ila kanisa halikumtoka masikioni. Mashairi yake mengi yamejengwa juu ya kipimo cha nyimbo za ibada, zile za Isaac Watts alizozisikia tangu utotoni: mshororo wa mizani nane, unaofuatwa na wa mizani sita, nane, sita. Sisi tuliolelewa na tenzi tunajua kipimo kinavyokaa mwilini hata kabla ya maana. Dickinson alikichukua kipimo ambacho kila mkazi wa Amherst angeweza kukiimba akiwa usingizini, akakijaza shaka. Wimbo wa uhakika ukabeba swali. Na kwa kuwa swali halikai vizuri katika nguo ya uhakika, vina vikaanza kulegea: mwishoni mwa mishororo anapatanisha neno la Kiingereza la "moja" na lile la "jiwe", maneno yanayofanana kwenye karatasi lakini yanaachana sikioni.

Malenga wa kwetu angelitazama shairi la namna hiyo akasema ni guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Higginson alisema karibu hivyo hivyo, kwamba mwendo wake ni wa kushtukashtuka. Jibu la Dickinson nalipenda kuliko barua zake zote: unaniona sina wa kunitawala, na kweli sina mahakama. Angeweza kurekebisha vina, uwezo alikuwa nao, na yapo mashairi yake ambayo urari wake hauna dosari. Aliyaacha guni yale yaliyosema kwamba dunia haikupangwa sawasawa. Kina kinachokosa kutimia ndiyo imani yake yenyewe, imeandikwa kwa sauti. Yeyote anayesema maisha yake yameingia katika dhamira za mashairi aongeze kwamba yameingia hata katika mizani.

Vistari vile virefu vinavyokatiza mishororo yake ni sehemu ya jambo hilo hilo. Vinamsimamisha msomaji pale ambapo nukta ingemruhusu aendelee na safari.

Hapa inanibidi nipunguze shangwe yangu mwenyewe. Kutawa kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mwingine. Miaka yake ya kuandika sana ililingana na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Watafiti waliopanga miswada yake kwa mwandiko na karatasi wanakadiria kwamba katika mwaka 1863 pekee alinakili karibu mashairi 300, na mwaka 1865 zaidi ya 200. Mwaka 1866 hayakufika 20. Sababu zinaweza kuwa nyingi: macho, mwisho wa vita, kifo cha Carlo, mbwa wake mkubwa aliyekuwa mwenzi wake wa miguu kwa miaka mingi. Lakini wapo wanaotuonyesha jambo lingine. Mtumishi wa nyumba, Margaret O'Brien, aliondoka mwaka 1865 kwenda kuolewa, na hadi mwaka 1869, alipokuja Margaret Maher, mhamiaji kutoka Ireland, nyumba haikuwa na mtumishi wa kudumu. Kuosha, kupika, kufagia na kuteka maji viliwaangukia mabinti. Maher alipokaa sawasawa jikoni, mashairi yakaanza tena kuongezeka.

Sioni aibu kwa Dickinson katika hilo. Hata yeye alifanya kazi za nyumba. Baba yake alipenda mkate wake kuliko wa mwingine, na mwaka 1856 mkate wake wa unga wa rai na mahindi ulipata zawadi ya pili katika maonyesho ya kilimo ya hapo mjini. Moja ya mashairi yake, linalohusu vitu visivyoweza kurudi, liliandikwa nyuma ya maelekezo ya kupika keki ya nazi. Lakini anayesifu chumba kilichofungwa asisahau aliyekuwa akipanda ngazi na ndoo. Uhuru ule wa kidole gumba na cha shahada ulikuwa na mikono mingine chini yake.

Vita navyo havikubaki nje ya ua. Machi 1862 Frazar Stearns, kijana wa rais wa Chuo cha Amherst, aliuawa vitani huko New Bern, na mji mzima ulitikisika. Dickinson aliandika kwamba inaona haya nafsi kuwa hai wakati watu mashujaa kiasi kile wamekufa. Mapema mwaka 1864 mashairi yake matatu yalitokea, bila jina, katika gazeti la Drum Beat la Brooklyn lililochapishwa kuchangia matibabu ya askari. Hayo ni kati ya mashairi takriban kumi tu yaliyochapishwa akiwa hai, karibu yote bila jina na bila yeye kuyasimamia.

Kuhusu kuchapisha, alikuwa na shairi lililo kali: kuchapisha ni kuinadi akili ya mtu. Nadhani watu hulisoma kwa haraka, wakiona kiburi au woga. Miye naona fundi anayelinda kazi isiguswe kabla haijaiva. Kuanzia mwaka 1858 alinakili mashairi kwa mkono wake kwenye karatasi nzuri, akazikunja, akazishona kwa uzi kuwa vijitabu, hadi vikafika 40 vyenye mashairi zaidi ya 800. Mwaka huo huo wa 1858, ng'ambo ya bahari, Mwana Kupona wa Pate alikuwa akitunga utenzi kitandani kwa ajili ya binti yake. Wanawake wawili wa ndani ya nyumba, wasiojuana, kila mmoja akiandika kwa msomaji mmoja wa karibu. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alijua anataka kumwambia binti yake nini. Dickinson aliacha hata maneno yakiwa wazi: pembezoni na chini ya shairi aliweka alama ndogo za msalaba na maneno mbadala, matatu, manne, bila kuchagua. Mhariri angemlazimisha achague. Ndani ya droo hakuna anayelazimisha.

Lavinia aliyakuta yote hayo baada ya maziko. Barua alizichoma kama alivyoagizwa, lakini hapakuwa na agizo kuhusu mashairi, naye hakutulia hadi yakachapwa. Diwani ya kwanza ilitoka Boston mwaka 1890, ikihaririwa na Higginson pamoja na Mabel Loomis Todd, mwanamke aliyewahi kuimba na kupiga piano katika nyumba ile huku Emily akimsikiliza kutoka mahali asipoonekana, na ambaye hakuwahi kumwona uso kwa uso. Watu waliipenda mara moja. Lakini wahariri walikuwa wametia vichwa vya mashairi, wamenyoosha vina, wamevifuta vistari. Yule ambaye hakutawishwa na yeyote akiwa hai alitawishwa akiwa amekufa, na waliofanya hivyo walimpenda kwa dhati. Ilimbidi msomaji angoje hadi mwaka 1955, toleo la Thomas H. Johnson lilipotoka, ndipo ayapate kwa ukamilifu mashairi yote yanayojulikana, vistari vikiwa mahali pake.

Alivuka mpaka wake mwenyewe usiku mmoja, Oktoba 1883. Gilbert, mtoto wa mwisho wa Austin na Susan, mwenye miaka minane, alikuwa anakufa kwa homa ya matumbo. Emily alitembea hadi nyumba ya jirani, ambayo alikuwa hajaingia kwa miaka mingi, akakaa na mtoto. Alirudi akiwa mgonjwa, na afya yake haikutengemaa tena. Usiku huo hunifikirisha kuliko barua zote za "Bwana". Unaonyesha kwamba mlango ulikuwa unafunguka kutoka ndani wakati wote.

Maziko yake yalikuwa tarehe 19 Mei 1886. Higginson, ambaye alikuwa amekutana naye mara mbili tu, alikuja na kusoma shairi. Jeneza lilikuwa jeupe. Kwa maagizo yake mwenyewe, wanaume sita wa Ireland waliokuwa wakifanya kazi katika shamba la familia walilitoa kwa mlango wa nyuma, wakapita bustanini, wakakatiza mashamba yaliyojaa maua ya njano, bila kukanyaga barabara kuu, nyumba ikionekana nyuma yao njia yote, hadi katika makaburi yale aliyokuwa akiyaona akiwa na miaka tisa.